Nimepanga faili kwa sort, limebaki tupu. Naombeni msaada

Mtunza_Daftari
Wakuu habari za jioni. Natunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwenye faili la michango.csv, mistari 312. Jana usiku nilitaka majina yakae kwa alfabeti, nikaandika:

`sort michango.csv > michango.csv`

Haikulalamika hata kidogo. Kufungua faili, tupu! `ls -l` inaonyesha ukubwa wake ni 0. Roho inaniuma, maana watu wameniamini na pesa zao. Nimekosea wapi?

Halafu kuna skripti ya kunakili mafaili, cron (programu ya kuendesha kazi kwa ratiba) inaiendesha kila usiku hivi: `./nakili.sh 2>&1 > nakili.log`. Log, yaani faili la kumbukumbu, haionyeshi kosa lolote, lakini nina wasiwasi nayo.

Mzee wa Seva
Pole sana mkuu. sort haina kosa hapo. Hiyo `>` haimfikii sort kabisa, anayeisoma ni bash, programu inayopokea amri unazoandika. Akiiona tu, anafungua faili na kufuta kila kilichomo, ndipo anamwita sort, ambaye anakuta pamekwisha fagiliwa. Hakikisha mwenyewe: andika `amrihewa > jaribu.txt`. Amri hiyo haipo duniani, lakini jaribu.txt litazaliwa, baiti 0.

Siku nyingine tumia `sort -o michango.csv michango.csv`. Yeye husoma yote kwanza, ndipo aandike. Na leo hii weka `set -o noclobber` kwenye ~/.bashrc, faili la mipangilio ya bash: bash atakataa kufuta faili lililopo kwa `>`, na ukikusudia kweli kulifuta unaandika `>|`.

Kijana wa Kariakoo
Si apitishe tu kwenye bomba, ile alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine? `cat michango.csv | sort > michango.csv`

Mzee wa Seva
Hapana, tafadhali usimpe hiyo! Pande zote mbili za bomba zinaanza kwa pamoja. cat akiwahi kusoma, faili linapona. Upande wa pili ukiwahi kufuta, limekwenda. Leo itakubali, utaizoea, kesho ikufilisi.

Bi Terminali
Nijibu la cron. Bash anasoma hizo alama kutoka kushoto kwenda kulia. Namba 1 ni njia ya matokeo ya kawaida, 2 ni ya makosa. `2>&1` maana yake "2, elekea kule 1 anakoelekea sasa hivi". Ulipoiandika mwanzo, 1 alikuwa bado hajahamia kwenye log. Akahama peke yake, 2 akabaki kule kule. Geuza:

`./nakili.sh >> nakili.log 2>&1`

Nimeweka `>>` ili log ya jana isifutwe na ya leo. Na kwenye cron, "kule kule" huwa ni barua: kama seva yako ina huduma ya barua pepe, makosa yote yamelundikana humo. Angalia /var/mail.

Mtunza_Daftari
Asante dada. Mbona basi `./nakili.sh 2>&1 | grep cp` (grep inachuja mistari yenye "cp") huwa inaleta makosa vizuri, na 2>&1 imetangulia?

Bi Terminali
Kwa sababu bomba huungwa kabla ya alama nyingine zote. Bash anapofika kwenye `2>&1`, namba 1 tayari imo bombani. Bila hiyo `2>&1`, makosa yasingepita kwa grep, yangemwagika moja kwa moja kwenye skrini.

Lakini kaka, hiyo nakili ya usiku haina michango.csv?

Mtunza_Daftari
Nimetoka kuangalia. Barua zimejaa: `Permission denied` (huna ruhusa) kila usiku kwa wiki tatu, na log ilikuwa kimya muda wote huo. Ila nakili ya mwisho kabla ya hapo ipo, ina mistari 298. Kumi na nne iliyobaki mweka hazina anayo kwenye daftari la karatasi, ananisomea kwa simu sasa hivi. Mungu awabariki.