Wateja wa supamaketi, hivi mnadhani huko stoo tumewabania nini?

Wakuu, leo naandika na hasira zangu, mnivumilie.

Mimi ni mpanga bidhaa supamaketi. Nashusha mzigo, nafungua katoni, najaza rafu. Sasa rafu nimeijaza kwa mikono yangu mwenyewe, katoni ya mwisho nimeikunja nikaitupa. Anakuja mtu, anakuta pako wazi, ananiuliza. Namjibu kwa adabu kwamba imeisha, mzigo mwingine haujaingia. Anakunja uso: "Hebu kaangalie huko nyuma." Na anavyonitazama ni kama anasema, mvivu mkubwa wewe.

Huko nyuma kuna nini? Watu wanadhani kuna supamaketi ya pili, rafu zimefurika, sisi tunawabania makusudi. Stoo ni paleti zilizofungwa nailoni hadi juu, vitu vilivyopasuka au kupitwa na tarehe vinasubiri kurudishwa, toroli mbovu, na mtu wa zamu anakula amesimama. Basi. Mwenye duka anataka mali ikae mbele inunuliwe, ikilala stoo hela yake imelala. Mzigo mwingi ukishuka kwenye lori unaenda rafuni moja kwa moja. Tena mara nyingi ziada haiko hata stoo, iko rafu ya juu kabisa, hapo hapo juu ya kichwa chako, na wewe unaninyooshea kidole mlango wa nyuma!

Zamani sawa. Mteja alisimama kaunta na karatasi yake, karani akamletea kila kitu. Mfanyabiashara Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mwaka 1916, akawaacha wateja wapite kwenye rafu wajichukulie wenyewe. Zaidi ya miaka 100 imepita, kuna watu bado wamesimama kaunta.

Halafu wapo wajuaji wa simu. "Programu yenu inasema zimebaki mbili." Ndugu yangu, kompyuta inajua kilichopokelewa na kilichopita kwa keshia. Kilichoibwa haikijui. Kilichovunjika bila mtu kukiandika haikijui. Kilichomo kwenye toroli la mwenzako anayezunguka humo humo ndani, haikijui. Na kile ambacho mtu alighairi akakitupa popote? Juzi nimekuta shampuu imelazwa ndani ya friji. Mbili zako ndizo hizo.

Ila wateja siwalaumu peke yao. Wakubwa wetu wametukataza kusema "hakuna". Agizo ni kwamba hata kama unajua imeisha, nenda tu, mteja akuone umeenda. Basi unasukuma mlango, unasimama kando ya maboksi, unavuta pumzi kidogo, unarudi na sura ya huruma. Mteja naye si mjinga. Anaona ulivyorudi upesi, na kesho akihudumiwa na mtu aliyetafuta kweli kweli, hamwamini. Huu upuuzi unanikera kuliko hata hizo amri za wateja. Kwa nini nisimwambie tu ukweli, imeisha, mzigo unategemewa siku fulani, jaribu hii inayofanana nayo?

Kuuliza si kosa, jamani. Kama lori limeshusha sasa hivi na paleti hazijafunguliwa, niambie, nionyeshe lebo ya kwenye rafu au picha ya kitu chenyewe, nitakwenda na kisu changu nichane nailoni. Lakini usinitume "ile yenye kopo la bluu", nikiitoa unaniambia ulitaka kubwa. Na ukinituma, nisubiri! Mtu nimepanda ngazi, nimehamisha katoni za watu, natoka na kitu chake mkononi, yeye keshalipa vingine kaondoka. Kesho anarudi kulalamika kwa meneja kwamba hakuhudumiwa, na anayeitwa ofisini kujieleza ni mimi.

Wapanga rafu wenzangu mliomo humu, kwenu mnaruhusiwa kumwambia mteja "imeisha" bila kwanza kutembezwa?