Kitoweo cha mchana kinachacha kabla ya usiku katika joto hili la kaskazi: wenzangu mnapangaje mapishi?

Mama Watatu, Tanga

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu kupanga mapishi ya nyumbani katika siku hizi za mwisho wa kaskazi, ambapo hapa kwetu joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hata baada ya Isha ukiugusa ukuta wa jikoni unaukuta bado una moto.

Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Watoto wawili wadogo hurudi shule saa nane mchana, wakala haraka na kwenda madrasa. Yule mkubwa wa sekondari hurudi saa kumi. Mume wangu hafiki mpaka saa mbili usiku. Kwa sababu hiyo tangu niolewe nimezoea kupika mara moja tu, kuanzia saa nne asubuhi, sufuria ya wali na sufuria ya maharagwe au mbaazi za nazi, nikatoa ya mchana na kuifunika ya usiku. Miezi ya kipupwe mpango huo haukunipa taabu hata siku moja. Tangu Februari ianze, hata hivyo, kitoweo ninachokifunika saa nane mchana nakikuta kina povu na harufu ya uchachu ifikapo saa moja jioni, na wiki iliyopita nilimwaga mbaazi za nazi mara mbili huku mama mkwe akinitazama bila kusema neno, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angesema.

Jokofu dogo tulilokuwa nalo limekufa, na bei aliyoitaja fundi hatuiwezi kwa sasa, baada ya sare na madaftari ya Januari. Mama mkwe anaamini kosa ni langu kwa kuwa nafunika sufuria ingali inafuka mvuke na watoto wanachota kwa upawa wenye maji. Mimi naona kosa ni la nazi. Kuwasha mkaa mara mbili sipendi, kwa gharama yake na kwa kuwa jiko letu ni chumba chenye dirisha moja. Je, kuna namna ya kupika ambayo mlo wa usiku utakuwa salama bila mimi kushinda mbele ya moto kutwa nzima?

Bibi wa Pangani

Wa alaykum salaam, mwanangu. Wewe na mama mkwe wako nyote mmesema kweli, lakini kweli yako ni kubwa kidogo kuliko yake. Upawa wenye maji huharibu chakula, na mvuke unaodondoka kutoka kwenye kifuniko huharibu vilevile, ndiyo maana wazee wetu walifunika kwa kawa linalopitisha hewa. Lakini kitoweo kilichokwisha kuungwa tui hakisubiri mtu katika kaskazi, hata ukikifunika kwa dhahabu.

Sisi tulifundishwa kwamba tui haliungwi kwa mlo ambao haujafika. Loweka maharagwe au mbaazi usiku, uzibandike alfajiri kwa moto uleule wa chai, uzichemshe kwa chumvi kidogo tu, bila kitunguu, bila nyanya, bila nazi. Zikiiva, zigawe sufuria mbili. Ile ya mchana iunge tui, na ile ya usiku iache ilivyo. Jioni unakuna nusu ya nazi, unakamua tui zito uliweke pembeni, chicha unalitia maji ukamue tena upate tui jepesi, kisha unalipika hilo jepesi na kitunguu na kitoweo chako mpaka vishikane, na tui zito unalitia mwisho huku ukikoroga taratibu, kwa sababu ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Nusu ya nazi iliyobaki itumie asubuhi kwa uji, usiiweke kwa kesho jioni.

Pia si lazima kila siku iwe nazi. Mchuzi wa chukuchuku ndio mchuzi wa kaskazi: samaki, maji, chumvi, nyanya, kitunguu, pilipili mbichi na ndimu ya kutosha, hauna mafuta wala tui, unaiva upesi na unampa mtu hamu ya kula hata kama joto limemkatisha tamaa. Ule kwa bada ya muhogo, kwani wewe uko Tanga na sidhani kama unahitaji kufundishwa bada. Siku nyingine pika mseto wa choroko, maana choroko hazina haja ya kulowekwa usiku kucha na huiva pamoja na mchele katika sufuria moja. Wali uliobaki mchana nao upashe tu usiku, utie maji kidogo na kuupalia makaa juu ya kifuniko, utarudi kama mpya.

Mwalimu mstaafu wa sayansikimu, Kilwa

Shikamoo Bibi. Maelezo yako ya tui ningependa wanafunzi wangu wote wa zamani wayasome, lakini naomba ruhusa nipingane nawe katika sentensi ya mwisho, ile ya wali.

Mchele mbichi huweza kuwa na vimelea viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo vina aina ya mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi katika joto la chumba, mbegu hizo huamka, vimelea huongezeka na kutoa sumu ambayo moto wa kupasha hauivunji, kwa hiyo mtu anaweza kula wali unaofuka mvuke na bado akatapika baada ya saa chache. Wala wali huo hauna lazima ya kunuka au kubadilika ladha. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na kwamba kinachosubiri kuliwa kihifadhiwe kikiwa cha moto wa zaidi ya nyuzi 60. Kwa nyumba isiyo na jokofu, katika miezi hii, ningeshauri wali upikwe wa kuisha mchana, na usiku mle ugali, muhogo au ndizi za kuchemsha zilizopikwa wakati huohuo. Matandu yakibaki, wanaoosha sufuria wayamalize palepale.

Sasa nirudi kwa Mama Watatu. Hata maharagwe yasiyo na tui, yakichemshwa alfajiri na kuachwa mezani mpaka jioni, yako mahali pabaya, kwa kuwa ni chakula chenye maji na protini katika joto la nyuzi 30 na kitu. Utakachohitaji ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, weka chini mto mnene wa sufi, ambayo Tanga haikosekani, na ushone mto wa pili wa kufunika juu. Chemsha maharagwe uliyoyaloweka kwa moto mkali, kisha itumbukize sufuria na kifuniko chake ndani ya kikapu ingali inatokota, uifunike na usiifungue. Joto lililomo ndani litaendelea kuyapika kwa saa kadhaa bila mkaa. Yapo masharti mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza, maharagwe mekundu lazima yachemke kweli kweli kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kuingia kikapuni, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko tu, na moto wa chini hauitoshi. Mimi binafsi huyachemsha dakika 30 ili nisiwe na wasiwasi. Maji ya kulowekea uyamwage, usiyapikie. La pili, sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, kwani chakula kidogo hupoa upesi.

Kwa hiyo siku yako inaweza kwenda hivi: maharagwe yanachemka kwa moto wa chai ya asubuhi na kuingia kikapuni, saa tano unawasha mkaa wa wali, unaunga tui sehemu ya mchana, na kwa makaa yaleyale unaichemsha tena sehemu ya usiku na kuirudisha kikapuni katika sufuria ndogo inayoijaa, jioni unawasha moto mdogo wa kuunga tui na kusonga ugali. Ukikifungua kikapu jioni ukakuta vuguvugu tu, chakula hicho kisiliwe. Ni kweli kwamba mkaa unawashwa mara tatu, lakini kila mara ni kwa muda mfupi, na yale masaa ya maharagwe kuivia jikoni ndiyo yaliyokuwa yakila mkaa wako. Kuhusu chumba chenye dirisha moja, jiko la mkaa liwashwe nje kila inapowezekana, na likiwa ndani mlango ubaki wazi, kwani gesi ya mkaa haina harufu ya kumwonya mtu.

Baba Jikoni, Mombasa

Naunga mkono ya mwalimu, nami niongeze la upande wa wanaume kwa kuwa naona hatujatajwa. Mke wangu hufanya kazi ya zamu, basi chakula cha usiku hapa nyumbani ni changu. Katika joto hili sipiki mlo mzito. Mara mbili kwa juma tunakula chapati za maji: unga wa ngano, maji, yai, chumvi na kitunguu kilichokatwa katwa, rojo liwe jepesi la kumiminika, kisha kila moja huiva kwa dakika chache juu ya kikaangio chenye mafuta kidogo. Tunazila kwa samaki wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, na kinywaji ni ukwaju ulioloweshwa katika maji yaliyochemshwa, ukachujwa na kutiwa sukari. Tunatandika mkeka uani, kwa sababu ndani hakukaliki mpaka saa nne.

Dada yangu, huyo kijana wako wa sekondari anayerudi saa kumi ana mikono. Mwangu ana miaka 14, na mbuzi ya nazi ni yake. Alinuna wiki moja, sasa anamfundisha mdogo wake. Ukimaliza kufikiri juu ya sufi na kikapu, fikiri na hilo.

Bibi wa Pangani

Marahaba, mwalimu. La wali nimelikubali, ingawa nimekula viporo miaka yangu yote na niko hapa naandika. Nikikumbuka vizuri, lakini, kiporo chetu kilikuwa cha kipupwe. Kaskazi mama yangu alipima mchele kwa kibaba na hakuna kilichobaki. Nilisahau kipimo nikakumbuka kiporo.

Mama Watatu, Tanga

Shikamoo Bibi, shikamoo mwalimu, na asante kaka wa Mombasa. Narudi baada ya siku tisa kuwapa habari, kwa kuwa si adabu mtu kupewa ushauri akanyamaza.

Sufi nilipata kwa mto wa zamani wa mama mkwe mwenyewe, ambaye alipoona naukata alitaka kujua sababu, na nilipomweleza alichukua sindano na kuushona mto wa juu, akisema mishono yangu ingevuja sufi ndani ya maharagwe. Siku ya kwanza sikuijaza sufuria, na jioni nikakuta vuguvugu. Nilimwaga, safari hii mama mkwe akasema, «Mwalimu si alikwambia robo tatu?» Tangu hapo hakijachacha kitu. Ndoo ya mkaa iliyokuwa ikiisha kwa siku nne, sasa imefika ya tano, na sijui kama itafika ya sita, lakini nimeridhika. Kijana wangu anakuna nazi, ingawa anaacha nyama nyingi katika kifuu na mama mkwe humrudishia.

Limenibakia jambo moja. Mume wangu anapenda kisamvu cha nazi usiku, nacho hakiingii katika mpango huu, kwa sababu kukitwanga na kukichemsha mpaka kiive vizuri ni kazi ndefu, na kikikaa hakinipi imani.

Bibi wa Pangani

Kisamvu usikifanyie haraka, mwanangu, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu yake, nayo hutoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Hapo hakuna njia ya mkato, wala kisiende kikapuni kikiwa kibichi. Kipike Jumapili mchana mume akiwa nyumbani, tui ulitie wakati wanatandika mkeka, na uwaite majirani ili kisibaki.

Mama Watatu, Tanga

Nimemweleza. Amesema Jumapili ni mbali, lakini kinu atakitoa nje yeye mwenyewe.