Nataka kumpelekea mke wangu chokoleti nzuri Tanga, na joto hili nifanyeje?

Mgosi wa Kisosora:
Habari zenu wanajamvi. Nipo Dar kikazi, mke wangu yupo Tanga na mtoto. Mwezi ujao tunatimiza miaka mitano ya ndoa na nimepania kumpelekea chokoleti za maana.

Mwaka jana nilikosea. Nilinunua boksi kubwa la kutoka nje, zaidi ya elfu themanini, nikalitia kwenye begi, begi likaingia kwenye buti la basi. Kufika Tanga, chokoleti zimeyeyuka, zimeganda tena zikiwa zimeshikana, juu zina weupe kama ukungu. Mke wangu alishukuru, akala moja, akasema tamu. Lakini namjua. Kesho yake wifi yake akasoma maandishi madogo kwenye boksi: baadhi zilikuwa na pombe ndani. Sisi ni Waislamu, zikatupwa zote. Niliumia sana.

Yeye anapenda chai ya maziwa yenye iliki, kashata, halua. Vichungu hapendi. Bajeti yangu ni 60,000. Ninunue aina gani na niifikishe vipi? Na tafadhali msiniambie nitume pesa, hiyo natuma kila mwezi.

Mama Pishi:
Pole sana kaka. Mimi natengeneza chokoleti nyumbani kwa oda, nitakueleza ninachokijua.

Ule weupe si ukungu wa kuoza, ni mafuta ya kakao yenyewe. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti nzuri inaisha yenyewe ulimini. Ikiyeyuka kwenye buti ikaganda ovyo, mafuta yanapanda juu, na ule mlio wa "ta" ukiivunja unapotea. Inalika, ila utamu wake umeshavurugika.

Dukani usitazame utepe wala picha ya moyo. Geuza boksi usome viambato, vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta sukari na mafuta ya mimea, siagi ya kakao haimo kabisa, rudisha. Hiyo ni pipi yenye rangi ya chokoleti, itakuacha na utando wa mafuta mdomoni.

Halafu asilimia ya kakao inayoandikwa kwenye boksi. Watu wengi wanadhani 85 ni bora kuliko 50. Si kweli. Namba hiyo ni jumla ya vyote vilivyotoka kwenye kakao, siagi yake ikiwemo. Nyeusi ya 70, sehemu kubwa ya inayobaki ni sukari. Shemeji wa chai ya maziwa na iliki usimpe 85, atakunja uso. Mtafutie ya maziwa yenye kakao 40 hadi 50: ladha ya kakao ataipata, uchungu hautamkera.

Na ununue chache mbichi kuliko boksi kubwa lililokaa rafuni. Zile laini za kujazwa krimu hazidumu, muulize muuzaji zimetengenezwa lini. Akijikanyaga, ondoka.

Ukhti Makunduchi:
Assalaam alaykum. Kaka, kwenye boksi tafuta majina haya ya pombe: rum, kirsch, cognac, liqueur. Ukiona mojawapo, liache. Zenye kujazwa vitu laini kama marshmallow angalia pia gelatin, mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, na boksi huenda lisiseme ni yupi. Kama hujaridhika, nunua vipande visivyojazwa kitu. Usimtie mwenzio kwenye mashaka siku ya furaha yake.

Binti Kyela:
Mimi nimelelewa na kakao, mzee wangu analima. Nashangaa watu wanatafuta za Ulaya wakati kakao tunayo Kyela, tunayo Kilombero. Pale kijiji cha Mbingu, Kilombero, kuna kampuni ya Kokoa Kamili, wananunua kakao mbichi kwa wakulima na kuivundika wenyewe, na Dandelion wa San Francisco, Marekani, wanatengeneza chokoleti kwa kakao hiyo.

Kuvundika ndiko kunakozaa ladha. Punje zinatolewa kwenye tunda pamoja na ule utelezi wake mweupe (tulikuwa tunaulamba utotoni, mtamu mno), zinafunikwa majani ya migomba siku tano, sita hivi, zikigeuzwa, ndipo zinaanikwa. Ukiharakisha hapo, hata fundi bingwa hawezi kuiokoa. Hapo Dar wapo wanaotengeneza kwa kakao ya nyumbani. Chokoleti yao haijavuka bahari, na mkeo utampa cha kumsimulia.

Korosho Mbichi:
Mkuu, kwa heshima zote, mwanamke wa Tanga mpelekee doti ya kanga yenye jina zuri. Chokoleti inaliwa dakika kumi imekwisha. Kanga atajifunga mwaka mzima akikukumbuka. Kwa nini lazima chokoleti?

Mgosi wa Kisosora:
Ahsanteni nyote. Kaka Korosho, kanga nitampelekea pia, umenikumbusha. Lakini ngoja niwaambie. Siku ya kwanza alipokubali kuonana nami tulikaa Raskazone, pale ukingoni mwa bahari. Mfukoni nilikuwa na chokoleti moja ndogo tu. Nikaivunja mara mbili. Kile kikaratasi cha kung'aa alikiweka kwenye daftari lake, na mpaka leo kipo.

Mama Pishi:
Sasa kaka, ungeanza na hilo! Achana kabisa na boksi. Nunua kipande kimoja bapa, cha maziwa, kizuri kuliko vyote utakavyopata, cha kuvunja mara mbili. Ukibakiwa na pesa, ongeza vidogo sita vya karanga au iliki kwenye boksi gumu. Ugumu wa boksi una maana yake: pralini (chokoleti za kujazwa) za fundi Jean Neuhaus kule Brussels, Ubelgiji, mwaka 1912, zilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama za karanga zetu, zikapondeka. Mwaka 1915 mkewe, Louise Agostini, ndiye aliyebuni boksi.

Safari: panda basi la alfajiri. Chokoleti iweke kwenye kopo la kufunga kabisa, kopo uliviringe taulo, ndipo liingie kwenye deli lenye barafu kidogo. Isigusane na barafu wala maji. Deli ukae nalo miguuni, usikubali liende kwenye buti. Ukifika usifungue kopo hapo hapo, liache lipoteze ubaridi kwanza, la sivyo chokoleti itatoa jasho na sukari itapanda juu na kuacha weupe.

Mgosi wa Kisosora:
Wanajamvi, nimerudi Dar jana. Nilichukua kipande kimoja cha maziwa cha kakao ya Kyela na vidogo sita vya karanga, nikabaki na elfu kumi na tano iliyoingia kwenye kanga. Kondakta alitaka kuweka deli kwenye buti, nikagoma.

Nilimpa jioni, Raskazone, mtoto tumemwacha kwa bibi yake. Alivunja yeye, akanipa upande mkubwa. Hiki kikaratasi pia amekiweka. Dada Binti Kyela, anakuuliza: ule utelezi mweupe mlioulamba, una ladha ya tunda gani?

Binti Kyela:
Mwambie kama stafeli, ila una uchachu zaidi. Msimu ukifika nitatafuta njia niwatumie tunda zima.