Mjadala: Wakongo wa Nyarugusu waruhusiwe kulima na kufanya kazi kama walivyoruhusiwa Warundi wa Katumba?

Wakuu, habari za leo.

Kuna kauli imezoeleka huku Kigoma na Katavi, na naisikia hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba Mrundi ni mchapakazi ukimpa jembe, ila Mkongo anajua muziki na posho tu. Ushahidi wao ni wa macho. Nenda Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbilia kwetu, uone mashamba, nyumba za bati na mabani ya kukaushia tumbaku, kisha nenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu uone watu kwenye foleni ya unga. Basi, wanasema, kabila limejieleza.

Mimi napinga, na napinga nikiwa na sababu. Ninanunua maharage na mahindi kati ya Kasulu na Mpanda, hivyo jamii zote mbili nimeuziana nazo, nimekopeshana nazo, nimegombana nazo kwenye mizani. Ninachokiona ni kwamba tuliwapa kundi moja ardhi, kundi lingine tukalipa foleni, halafu leo tunawahukumu kwa matokeo.

Tuanze na Warundi. Walikuja mikono mitupu mwaka 1972, jeshi la Rais Micombero wa Burundi lilipokuwa linawaua Wahutu, wasomi wakitangulizwa. Serikali ya Mwalimu, pamoja na UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na shirika la Kilutheri la TCRS, ikafungua makazi Ulyankulu mkoani Tabora mwaka huohuo, Katumba 1973, kisha Mishamo 1978 ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu. Kila familia ilikatiwa shamba, hadi hekta 5. Posho walipewa mwanzoni, mpaka mavuno yatoshe, kisha ikakatwa. Kufikia 1985 UNHCR ilikuwa imekabidhi makazi yote matatu kwa serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha. Na si kujilisha tu: mahindi, maharage, muhogo na tumbaku vilitoka mle vikaenda kulisha miji ya watu wengine. Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi alivyowapokea wakimbizi, na makazi haya ni sehemu ya sababu.

Sasa Nyarugusu. Ilifunguliwa 1996, vita vya kumng'oa Mobutu vilipowasukuma watu wa Kivu Kusini kuvuka Ziwa Tanganyika. Wengi wao ni Wabembe, watu wa Fizi. Kwao ni wakulima wa muhogo na wavuvi wa dagaa na migebuka. Walifika kwetu wakiwa na ujuzi uleule waliokuja nao Warundi, pengine na zaidi, kwa kuwa ziwa wanalijua. Lakini walikuta nchi imebadilika. Mwaka 1994 watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja, Ngara imezidiwa, na serikali imechoka. Hawakukatiwa mashamba. Walipewa kiwanja cha nyumba na kadi ya mgao. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na maisha yakawekwa ndani ya mpaka: kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali ni kosa.

Mtu akinihoji kwa nini Mkongo halimi, namuuliza: alime wapi?

Na wanalima, jamani. Nendeni Makere, pale jirani na kambi, msimu wa kuvuna maharage. Alfajiri utawaona vijana wanatoka porini kwa njia za pembeni, jembe limefungwa kwenye gunia lisionekane. Wanafanya kibarua kwenye mashamba ya Waha wenzetu, na wanalipwa chini ya anacholipwa kibarua wa kijijini. Jioni mwenye shamba akiamua kumwambia mmoja wao kuwa hela hakuna, yule kijana hana pa kwenda. Akienda polisi ataulizwa kwanza alitokaje kambini. Nimeona kwa macho kijana amevuna tangu asubuhi, analipwa debe moja la maharage yaliyoliwa na wadudu, analipokea na anashukuru. Huyo ndiye tunamwita mvivu?

Mama zao nao wanauza posho. Hili wengi wanalitumia kama hoja, kwamba wanapewa chakula cha bure halafu wanakiuza. Mama anapima nusu kilo ya dengu zake aliyopewa ili apate chumvi, sabuni na dagaa wa mboga, kwa sababu watoto hawawezi kula dengu mwezi mzima. Angekuwa na kazi, angeuza mgao wa nini?

Hoja yangu kubwa iko hapa, na naomba mnisome polepole. Tuna ushahidi wa watu walewale wakiwa katika hali mbili tofauti.

Wa kwanza ni Wakongo wenyewe. Kuanzia miaka ya 2014 na 2015, maelfu yao walichukuliwa kutoka Nyarugusu kwenda Marekani. Mkimbizi aliyehamishiwa kule aliruhusiwa kufanya kazi tangu alipofika, na msaada wa mapokezi ulihesabiwa siku 90. Nauli ya ndege ilikuwa mkopo, alitia saini na kuulipa. Mtu yuleyule aliyekaa Nyarugusu akihesabiwa kama mdomo wa kulishwa, leo yuko Lexington au Dayton anapiga zamu kiwandani, analipa kodi ya nyumba, na anatuma hela kwa mama yake aliyebaki kambini. Wengi wa wateja wangu wa Makere wanaishi kwa hela hiyo. Uvivu wake ulibaki wapi?

Wa pili ni Warundi wa Katumba. Mwaka 2007 serikali iliwauliza wachague kurudi Burundi au kuomba uraia, na wanne kati ya kila watano wakachagua kubaki. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia. Halafu wakaambiwa vyeti watapata baada ya kuhama, kwa maana mpango ulikuwa kuwatawanya katika mikoa mingine na kuyafunga makazi. Mpaka Oktoba 2014, Rais Kikwete alipoanza kugawa vyeti na mpango wa kuhama ukaachwa, wachapakazi wetu walisimama. Nani ataezeka bati nyumba anayoambiwa ataiacha? Nani atapanda miembe? Shule na zahanati nazo zilichakaa, kwa sababu hakuna aliyetaka kutia hela mahali panapofungwa. Mikono ni ileile ya 1973. Kilichoondoka ni uhakika wa ardhi, na kasi ikaondoka nayo.

Kwa hiyo mimi nasema waruhusiwe. Watolewe vibali vya kazi na biashara katika wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko, masoko ya pamoja yafunguliwe, na mwenye shamba anayetaka kukodisha kwa mkimbizi akodishe kwa mkataba wa kijiji. Naomba hoja. Matusi ya kikabila tuyaache nje.

MCHANGIAJI, KIBONDO

Mleta mada umeongea vizuri, ila unasahau hesabu. Sensa ya 1967 Tanganyika na Zanzibar pamoja tulikuwa milioni 12 na kitu. Sensa ya 2022 tuko milioni 61.7. Kigoma peke yake tumekaribia milioni 2 na nusu. Ile Katumba ya 1973 ilikuwa pori la miombo, simba wanatembea. Leo nionyeshe pori Kibondo ambalo halina mwenyewe au si hifadhi. Vijana wetu wenyewe wanakodi nusu eka kwa bei ya kuumiza. Ukiwaruhusu wakimbizi kukodi, bei itapanda na atakayeumia ni mtoto wa mkulima wa hapa.

La pili, nyie mnaozungumzia huruma hamkuwepo barabara ya Kibondo–Kasulu ilipokuwa haipitiki bila msafara wa polisi. Silaha zilipita kwenye kambi. Mimi nimezika ndugu.

MCHANGIAJI, KASULU MJINI

Naungana na wa Kibondo kwenye usalama, pole sana ndugu yangu. Kwenye soko ninapingana naye. Soko la pamoja lilipofungwa tuliumia sisi. Mama yangu mdogo alikuwa anauza ndizi na mafuta ya mawese kwa watu wa kambini, na wao wanauza vitenge na kushona. Nguo za harusi za nusu ya mtaa wetu zilishonwa na fundi wa Kikongo. Leo vitenge tunavifuata Kigoma mjini, na ndizi zinaiva zinaoza.

MCHANGIAJI, KATUMBA

Mimi nimezaliwa Katumba, wazazi walikuja na wimbi la 1972. Namshukuru mleta mada kwa kututetea, lakini asitupake rangi nzuri kupita kiasi. Hiyo hekta 5 tulipewa pamoja na kifungo. Baba yangu alikuwa hawezi kwenda Tabora kumwona mgonjwa bila kibali cha Mkuu wa Makazi. Akikamatwa nje bila karatasi, ni rumande. Tumbaku tulilima, bei walipanga wengine. Sekondari ilikuwa ndoto, na wengi wetu tulificha asili yetu ili tusome.

Hata sasa na cheti cha uraia mkononi, ukienda ofisini kuomba kitambulisho, karani anasoma jina la baba yako, anakutazama tena, na unaambiwa urudi wiki ijayo. Shamba nililorithi sina hati yake. Kama Wakongo watapewa ruhusa, wapewe kwa maandishi, na wajue mwisho wake ni nini. Sisi tulikaa miaka 42 tukiwa wageni kwenye mashamba tuliyoyafyeka wenyewe.

MLETA MADA

Ndugu wa Katumba, ahsante. Ulichoandika kinaongeza uzito kwenye jambo lilelile: ardhi ilikulisheni, karatasi iliwakaba. Wakongo wamenyimwa vyote viwili, ardhi na karatasi, ndiyo maana nimeanza na kibali cha kazi. Na hilo la mwisho wake ni nini nalibeba kama lilivyo. Kibali kisicho na muda wala masharti yanayojulikana kitamrudisha kijana wa Makere kwa yuleyule anayemlipa debe bovu.

Kaka wa Kibondo, pole ya msiba, na sitaki ionekane nimepita juu yake. Ujambazi ule ulikuwepo, na watu wa mkoa huu waliulipia kwa damu. Ila tazama ni wakati gani ulitokea: watu tayari wamefungiwa ndani. Uzio wa kilomita 4 haukuzuia bunduki kuvuka mto Malagarasi wala kuvuka ziwa. Anayeleta silaha haombi kibali. Anayezuiwa na kibali ni fundi cherehani na mama wa vitenge. Mtu mwenye leseni, aliyeandikishwa kwa picha na alama za vidole, mwenyekiti wa kijiji anajua analala wapi. Yule anayetoka porini alfajiri hakuna anayemjua.

Kwenye ardhi una haki, na ndiyo maana sikuomba makazi mengine ya mfano wa Mishamo. Pori lile halipo tena. Nimesema kukodisha kwa mkataba wa kijiji, na kijiji kiwe na haki ya kukataa. Kama Kibondo ardhi imebana, mkutano wa kijiji useme hapana, iandikwe. Lakini kumbuka kuwa sasa hivi ushindani na vijana wetu upo tayari, tena wa aina mbaya zaidi. Mkulima mwenye akili ya faida anamwacha kijana wa kijijini, anachukua wa kambini kwa sababu hawezi kudai. Mshahara wa kibarua umeshushwa na uharamu wa huyo wa kambini. Mkongo akiweza kudai malipo kamili, kijana wa Kibondo naye atalipwa kamili.

Na tusisahau mgao wenyewe unaisha. Mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilikata chakula kambini mpaka nusu kwa kukosa fedha za wafadhili. Ukimfungia mtu ndani na ukampa chakula kizima, unaweza kusema umemtunza. Ukimfungia na ukampa nusu, nusu iliyobaki ataitafuta, na ataitafuta kwenye mashamba yetu, kuni zetu, usiku. Wanawake wanaokwenda kuni wanajua ninachosema, wa kambini na wa vijijini.

Mliokuwa mkiuza kwenye kambi za Nduta na Mtendeli kabla masoko ya pamoja hayajafungwa, njooni mtupe bei. Debe la mahindi mlikuwa mnauza kiasi gani kabla na baada, na ushuru wa soko ulikuwa unaingia wapi? Mwenye kumbukumbu za halmashauri aweke hapa tusome.