Samadi na madhara yake shambani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Masika yanakaribia, malori ya samadi yameanza kumwaga. Kila msimu ni yale yale: mbolea ya kuku inaingia shimoni leo, mche kesho, wiki haijaisha majani ya chini yanakauka kingo. Hiyo ni amonia na chumvi, mizizi imeungua. Lete uzoefu wenye vipimo, siyo "weka ya kutosha".

Mbogamboga: Ya kuku wa mayai ndiyo kali kuliko zote. Konzi moja kwa shimo la nyanya, uichanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Ya ng'ombe iliyoiva unaweza kufika hata kilo.

Kihamba: Kweli kabisa. Mgomba ndio unaovumilia, debe moja hadi mawili kwa shimo.

Nyanya Tu: Mnaongelea kuungua, kuna baya zaidi. Samadi imeiva, nyeusi, haina harufu, haina kosa machoni. Miche inashika vizuri. Wiki ya tatu majani ya juu yanajikunja kama kikombe, mapya yanatoka membamba kama nyuzi, maua hayafungi. Mkulima anasema "rasta", ule ugonjwa wa virusi wa kukunja majani, ananunua dawa ya inzi weupe, anapuliza mara tatu, hela imeisha na shamba liko vile vile. Chanzo ni malisho: ng'ombe walikula nyasi zilizopigwa dawa ya magugu yenye picloram au aminopyralid. Sumu hiyo haivunjiki tumboni, inatoka na mkojo na kinyesi, na lundo likioza yenyewe inabaki. Mahindi yanapona kwa sababu ni jamii ya nyasi. Nyanya, maharage na viazi mviringo ndio kilio.

Pima kabla ya kumwaga. Makopo sita: matatu udongo mtupu, matatu udongo na samadi nusu kwa nusu, ukiichota sehemu tofauti za lundo. Panda maharage, subiri wiki tatu. Yakijikunja kwenye makopo ya samadi tu, peleka mzigo kwenye mahindi.

Jembe la Mkono: Rasta ni rasta. Virusi hivyo vinaletwa na inzi weupe, msiitafutie samadi kesi.

Nyanya Tu: Angalia mpangilio, ndugu. Rasta huanza mche hapa, mche pale. Ya samadi inafuata gari: kila shimo lililopata mzigo ule limeumwa, jirani yake lililokosa ni zima. Hata magugu ya majani mapana yanayoota shimoni yamejikunja.

Jembe la Mkono: Hapo kwenye magugu umenipata. Lakini kuhusu kuivisha mnapoteza muda. Chimbia mbichi miezi miwili kabla ya mvua, basi.

Kihamba: Na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe? Na sota, wale viwavi wanaokata miche? Lundo liwe la mita moja na nusu kwenda juu, lichomeke fimbo katikati. Ukiichomoa iwe ya moto hata kuishika ni shida. Ikipoa, geuza, ya nje iingie ndani. Ukikamua konzi, mkono ulowe bila maji kuchuruzika. Funika kwa majani ya migomba, maana jua linapaisha nitrojeni na mvua inachuja iliyobaki.

Mbogamboga: Samadi mbichi kwa mchicha na saladi ni marufuku, ina minyoo na bakteria wa tumbo. Kama ulishaiweka, iachie miezi minne kabla ya kuvuna.

Mnazi Mrefu: Sisi wa pwani, msiweke lundo karibu na minazi. Chonga, yule mende wa minazi, anataga humo, funza wake wanene weupe wanakulia humo, kisha mende anapanda kutoboa kilele. Ukigeuza, waokote wote.

Mgeni: Ya kuku wa nyama yenye maranda mengi, mahindi yamekuwa ya njano badala ya kijani. Imezidi?

Kihamba: Haijazidi. Vijidudu vinavyoozesha maranda vinaivuta nitrojeni ya udongo, mahindi yanakosa. Kwa sasa weka urea, kifuniko kimoja cha soda kwa mche, sentimita kumi kutoka shinani, ufukie udongo ukiwa na unyevu. Iliyobaki ilundike na mkojo wa ng'ombe hadi maranda yavunjike ukiyafikicha.