Nusu ya darasa langu walikuta jeni, nusu wakakuta patupu

Mwalimu wa Pipeti:
Wadau wa maabara, salaam. Mwezi ujao narudi kufundisha watafiti kumi na wanne kutumia kivinjari cha jenomu (programu ya kutazama DNA nzima ya kiumbe), siku mbili, kwa vitendo. Mara ya kwanza niliumbuka, naomba msaada nisiumbuke tena.

Nilichagua HBB, jeni ya himoglobini yenye badiliko la selimundu, kwa kuwa karibu wote pale kazi yao ni selimundu. Nikaandika ubaoni: kromosomu 11, nafasi 5,227,002, yaani herufi ya DNA inayobadilika. Waliokaa dirishani wakafika. Waliokaa mlangoni wakasema HBB haipo hapo. Dada mmoja, mzoefu wa damu kuliko mimi, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, labda umeruka tarakimu." Nikazihesabu mara tatu, chaki mkononi. Dakika arobaini zikaisha ndipo nikagundua huyu ana hg38, jirani yake ana hg19, matoleo mawili ya jenomu ya binadamu yenye namba tofauti. Tukaenda chai. Tuliporudi, intaneti hakuna.

Waliofika nao wakaja na lao: kitabu kinasema kwenye selimundu herufi GAG zinageuka GTG, mbona kwenye skrini wanaona CTC? Nilibabaisha jibu, sitawaficha.

Fundi Faili:
Pole, mkuu. Kivinjari cha UCSC kinakumbuka toleo ulilotumia mara ya mwisho, kwa hiyo aliyewahi kufanya kazi ya zamani anafunguliwa hg19 bila kuombwa. Herufi ileile kwenye hg19 iko 5,248,232, yaani besi (herufi) 21,230 mbele.

Siku ya kwanza usiwape namba. Waambie waandike rs334 tu, jina la badiliko hilo, kila toleo litawapeleka penyewe. Mchana ndipo uwape namba ya hg19 makusudi huku wako hg38, wapotee dakika tano, kisha waonyeshe LiftOver, kifaa cha kuhamisha namba toka toleo moja kwenda jingine. Mimi nilipotezwa hivyo na mwalimu wangu, na hadi leo siangalii jeni kabla ya kusoma jina la toleo pale juu.

Binti wa Chumbageni:
Hiyo CTC ni halali. DNA ina nyuzi mbili, na HBB iko kwenye uzi wa kinyume, inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua kanga, ianike, uwaite upande wa nyuma wasome jina. Maneno yamegeuka, ila kanga ni ileile. Kwenye DNA kuna la ziada: kila herufi imempisha mwenzake, A kwa T, C kwa G. Soma CTC hivyo utapata GAG. UCSC ina kitufe cha kugeuza chini ya picha, wabonyeze wenyewe waone.

Jiandae na swali jingine. Vitabu vya zamani vinasema badiliko liko asidi amino (kipande cha protini) ya 6, Ensembl, kivinjari kingine, itawaonyesha ya 7. Ensembl inahesabu na ile asidi amino ya mwanzo, methionini, ambayo hukatwa. Kwangu walibishana hadi saa ya chakula.

Mzee Seva:
Kuhusu intaneti: weka IGV, kivinjari kinachokaa kwenye kompyuta yenyewe, kwenye kila laptopu siku moja kabla, pamoja na jenomu yenyewe. Kromosomu 11 peke yake, besi kama milioni 135, inatosha kwa somo lako na inaingia kwenye flashi yoyote. Usisubiri asubuhi ile. Watu kumi na wanne kushusha faili kwa Wi-Fi moja ni vita.

Mwalimu wa Pipeti:
Asanteni sana. Kanga nimeshaiomba kwa mama watoto, ameniuliza jenomu ina uhusiano gani na nguo zake. Swali moja la mwisho: faili la BED (orodha ya nafasi kwenye jenomu) la herufi hiyo moja naandika 5227002 mara mbili?

Fundi Faili:
Hapana! Andika chr11, 5227001, 5227002. Mwanzo wa BED huhesabiwa kuanzia sifuri. Na usisahau hiyo "chr", Ensembl huandika 11 kavu.