Kituo cha mazungumzo Kigoma: simu zinarudisha mwangwi, ratiba haishiki. Waliodumu walifanyaje?

Ujiji_Saa12

Wakuu, habari za jioni. Kuna kituo cha jamii hapa Kigoma kinataka kuachana na muziki wa kutwa kucha na kuwa kituo cha mazungumzo: asubuhi saa 12 hadi saa 4, jioni saa 11 hadi saa 2 usiku, simu zikiwa wazi. Vilivyopo ni miksa (meza ya kuchanganya sauti) ya njia 12 yenye AUX mbili, yaani matokeo ya pembeni ya kupeleka sauti kwingine, simu mbili za mkononi, kompyuta moja na mtambo wa kurushia matangazo wa wati 500.

Majaribio yameonyesha hivi. Anayepiga anasikia sauti yake ikimrudia mpaka anachanganyikiwa. Kila simu inapokaribia kuita inasikika ti-ti-ti-ti hewani. Vijiji vya mwambao wa kaskazini, njia ya Gombe, hawapati kitu, lakini ng'ambo Kongo wanapiga simu kuchangia! Halafu ratiba: vituo vya zamani viliwashikaje watu kwa maneno tu miaka yote ile? Naomba majibu ya kufanyia kazi, "Mungu awatangulie" tumeshaambiwa.

FundiMlingoti

Mkuu, mwangwi una vyanzo viwili, usivichanganye.

Cha kwanza ni miksa. Bila shaka mnamrudishia mpigaji sauti ileile inayokwenda hewani, na yeye mwenyewe yumo ndani yake. Kanuni ni N-1: kila mpigaji apewe sauti zote isipokuwa yake. AUX 1 iwe ya simu ya kwanza, AUX 2 ya simu ya pili. Kwenye njia za vipaza sauti fungua AUX zote mbili. Kwenye njia ya simu ya kwanza, AUX 1 iwe sifuri kabisa ila AUX 2 ifunguliwe. Simu ya pili kinyume chake. Hapo wapigaji wawili wanaweza hata kubishana wao kwa wao. AUX ziwe za kabla ya feda (kitelezi cha kupandisha sauti hewani), ili mpigaji amsikie mtangazaji kabla hajapandishwa hewani. Ila kumbukeni, kwa mpangilio huo mpigaji anasikia pia umbea wa studio wakati muziki unacheza.

Waya wa kutoka AUX kwenda kwenye simu ndipo wengi wanapoharibu. Miksa inatoa karibu volti 1.2, wakati tundu la kipaza sauti la simu linataka milivolti chache tu. Weka rezista ya kilo-omu 10 kwenye njia ya sauti, kisha omu 100 kwenda ardhini. Sauti inapungua mara mia hivi. Baada ya hapo kapasita ya maikrofaradi 4.7, halafu kilo-omu 2.2 kati ya waya wa kipaza na ardhi ili simu iamini imechomekwa hedifoni. Ukisahau kapasita, simu inaziona zile omu 100 na kudhani kuna mtu kabonyeza kitufe cha hedifoni, basi inakata katikati ya mazungumzo. Mpangilio wa pini kuanzia nchani: kushoto, kulia, ardhi, kipaza. Simu nyingine za zamani zimegeuza hizo mbili za mwisho. Kukiwa na muungurumo, hasa chaja ikiwa imechomekwa, ongeza transfoma ya omu 600 kwa 600 kabla ya rezista.

Chanzo cha pili ni redio ya mpigaji mwenyewe. Hiyo haina rezista. Mpokea simu amwambie azime, asikilizie kwenye simu tu, na asimpandishe hewani mpaka asikie kweli imezimwa. Kupunguza sauti hakutoshi.

Ti-ti-ti ni 2G, mtandao wa simu wa zamani. Simu inarusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa kipaza unavidaka kama antena. Sogeza simu mita moja na nusu kutoka kwenye miksa, tumia waya za XLR (zile za vipaza sauti vya studio) zenye njia tatu, na ifunge simu kwenye 3G. Kuiweka 4G pekee si dawa, kwa sababu mahali ambapo sauti haipiti kwenye 4G simu itashuka yenyewe wakati wa kupiga.

Bangwe_Juu

Kuhusu Kongo kusikia na vijiji vya mwambao wa kaskazini kama Mwamgongo kutosikia: FM inakwenda kwa kuonana. Umbali kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena ikiwa mita 300 juu ya ziwa na redio iko mita 4, unapata kama kilomita 80. Ziwa kwa wastani lina upana wa kilomita 50 hivi na maji hayana mlima, kwa hiyo ng'ambo mnafika bila jasho. Mwambao wa kaskazini umejificha chini ya miteremko. Bega la mlima linakata.

Msidanganywe mkanunue mtambo wa kilowati moja. Kuongeza wati mara mbili ni desibeli 3 tu, na kivuli cha mlima kinabaki palepale. Afadhali mtambo mdogo wa marudio mahali panapouona mwambao, kwa masafa mengine yaliyoombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wavuvi wakiwa kati ya ziwa watawapata vizuri. Wakirudi bandani mnapotea. Angalieni pia nguvu inayorudi kwenye mtambo kila baada ya radi. Ikiwa wati 500 zinakwenda na zaidi ya 20 zinarudi, kuna kiungo cha waya kimeingia maji.

KadiYaSalamu

Mafundi wamemaliza yao, nije kwenye maneno.

Redio ya mazungumzo kwetu haikuanza na simu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, mwaka 1965 redio ya taifa ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na msikilizaji wa Kigoma aliingia hewani kwa barua na kadi ya salamu. Lililokwenda mbali zaidi ni vikundi vya kusikiliza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa ya wiki 12: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, na watu kama milioni 2 wakakaa chini ya miembe na redio moja na kitabu. Wanasikiliza, wanasoma, wanajadili, halafu wanakubaliana kazi, kama kuchimba choo. Angalia mpangilio: mada moja, wiki moja, kazi moja. Siku hizi vipindi vingi vina mada tano kwa saa, na msikilizaji anazima redio hajui afanye nini.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, Radio One ikaja 1994. Kwa upande wetu wa magharibi kielelezo ni Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda na Burundi. Hapakuwa na haja ya kumbembeleza mtu asikilize. Aliyekimbia kwao anataka habari za kwao. Miaka imepita na kituo kipo. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la kipindi, andikeni mtu wa Kibirizi au Kasulu anahitaji kujua nini leo kabla ya saa 1 asubuhi.

Kwa Kigoma nusu ya jibu ni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo kipindi cha wavuvi cha usiku kikiwa hakina watu wiki mbili, angalieni angani kabla ya kumlaumu mtangazaji. Wakati wa giza wekeni hali ya upepo na mawimbi saa 11 jioni, kabla mitumbwi haijaondoka. Mjadala mrefu wa uvuvi uwe siku za mbalamwezi. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mvuvi alikuwa nyumbani na hoja kibao. Msimu wa namna hiyo unastahili ratiba yake.

Saa yenyewe: habari dakika 10, zinabaki 50. Dakika 6 kufungua mada, 14 za mgeni, 24 za simu, 6 mgeni anajibu. Dakika 24 ni simu 12 za dakika mbili mbili, usijidanganye na zaidi. Watu watatu: mtangazaji, mpokea simu, wa mitambo. Mpokea simu anaandika jina, mahali na hoja kwa maneno matano. Wengi watabipu, kwa hiyo tengeni fedha ya kuwapigia. Mkitegemea simu peke yake mtawasikia wanaume walewale kumi kila siku. Rekodini sauti za kina mama sokoni asubuhi, zichezwe jioni ndani ya mada ileile. Akiingia mzee na Kiha chake, mtangazaji arudie hoja kwa Kiswahili kwa ufupi bila kumkatisha.

Na msihamishe saa. Mgeni asipokuja, kipindi kiende na simu.

Ujiji_Saa12

Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: mtu akitukana hewani? Na rekodi tuweke muda gani?

FundiMlingoti

Tusi: programu ya kuchelewesha sauti sekunde 7 hadi 10 kwenye kompyuta, kati ya miksa na mtambo, na kitufe kimoja cha kufuta mbele ya wa mitambo, asiwe mtangazaji. Ikishawekwa, hedifoni za studio zichukue sauti ya miksa. Ukizichukulia redioni mtangazaji atajisikia nyuma kwa sekunde kumi na ulimi utamgongana. Kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) pamoja na miksa, maana umeme ukikatika kidogo tu sauti yote inakufa hata kama mtambo una jenereta.

Rekodi: mono ya kilobiti 64 inakula megabaiti 28.8 kwa saa, kama 691 kwa siku. Miezi mitatu ni gigabaiti 62, hata flashi ya 64 inabana. Nunueni diski ya nje, mafaili yakatwe kila saa na yaitwe kwa tarehe. Ukiacha faili moja la siku nzima, umeme ukikatika saa 1 usiku linaweza kuharibika na siku yote ikaenda nalo.